Tofali Moja, Lyle na Mbwa

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai, saa kumi na mbili na nusu jioni, jua la kiangazi bado kali, mbele ya uwanja mzima wa watu wenye njaa. Nataja siku na saa kwa sababu uongozi wa klabu sasa unasema hayakuharibika. Wanasema eti kulikuwa na changamoto. Mimi nilikuwa chali kwenye vumbi nikitazama mawingu, goti la kushoto limeelekea Ohio na la kulia limebaki Pennsylvania, kwa hiyo changamoto yao naijua kuliko wao.

Naitwa Emil Dvorchak. Zamani, kabla ya hawa wachezaji wa suruali za kubana, nilikuwa mdakaji wa Wafua Bati, timu ya besiboli ya mji wetu wa Harlow Creek. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila kinachorushwa. Nilichuchumaa mpaka magoti yakagoma, kisha nikaingia kiwanda cha bati, nikakaa huko mpaka wenye kiwanda walipoamua kwamba bati linafuliwa vizuri zaidi mbali, na watu wasiojua kulalamika. Shule sikusoma sana, lakini kulalamika najua. Mke wangu Bernadine alifariki Februari. Hilo sitaliongelea kwa kirefu, ila siku ya kumzika barabara ya makaburini ilikuwa haijaondolewa theluji, na meya wetu alikuwa mjini anakata utepe wa duka la kahawa.

Sasa nije kwa Lyle Stumbaugh.

Lyle alikuwa mrushaji wetu wa akiba. Mrushaji wa akiba ni kama fundi bomba: hakuna anayemkumbuka mpaka maji yafike kitandani, na akishaziba hakuna anayemkaribisha chakula. Walikuwa wanamwingiza mchezo ukishaoza, wapinzani wamejaa kwenye vituo vyote, na mrushaji mkuu amekaa benchi na barafu begani anatazama viatu vyake. Lyle anatoka kule nyuma anatembea kama mtu aliyetumwa chumvi. Na silaha yake ilikuwa moja tu, mpira wa kucha.

Ngoja nieleze, maana siku hizi hata wanaolipwa kuujua hawaujui. Mpira wa kawaida unazunguka, kwa hiyo una adabu, unakwenda unakotumwa. Mpira wa kucha unashikwa kwa ncha za kucha tu, unasukumwa taratibu, na hauzunguki hata kidogo. Unakuja umetoa macho, kwa mwendo wa barua ya posta, halafu ukikaribia mpigaji unakumbuka kwamba umesahau kitu nyumbani. Unapinda. Unashuka. Unabadili nia tena. Mpigaji anazungusha gongo mpaka anajifunga fundo. Lakini mwenzenu niliyeko nyuma yake, mimi ndiye niliyetakiwa kuudaka. Ulinipiga kifuani, kooni, na mahali ambapo kasisi hawezi kupaombea.

Tulimaliza shida hiyo kwa glavu kubwa kama sinia. Klabu ilikataa kuinunua. Bernadine alichukua glavu mbili kuukuu, akazipasua, akazishona pamoja kwa uzi wa fundi viatu, jikoni, huku supu inachemka.

Na ni yeye aliyekuwa anatunza kucha za Lyle. Alifanya kazi saluni ya kucha pale mjini, na kila Alhamisi Lyle alikuja kwetu, anakaa mezani, anatoa mkono wa kulia. Bernadine anausugua kwa tupa ndogo, anapaka rangi isiyo na rangi ili kucha ziwe ngumu. Ukucha ukikatika, Lyle si mrushaji tena, ni mtu mwenye mkono tu. Jirani yetu Bi Pavlik alikuwa anaona yote kupitia dirishani, mimi niko kiwandani, na haikuchukua muda Padri Kosko akanishika kanisani baada ya misa.

"Emil, mwanangu, kuna jambo nimelisikia kuhusu mkeo na Stumbaugh. Eti wanashikana mikono."

"Ni kweli, Padri. Anamtengeneza kucha."

Padri alirudi nyuma hatua moja, akasema, "Mwanamume mzima? Heri ingekuwa lile nililolisikia."

Wakati wa mchezo Bernadine alikaa nyuma yangu kabisa, kiti cha kwanza baada ya wavu, na sauti yake ilikuwa inapita kelele zote. "Usiufukuze, Emil! Ungoje uje!" Na mpira ukishanifikia, kabla mwamuzi hajafungua kinywa, yeye alishatoa hukumu: "Umepita!" au "Haujapita!" Waamuzi walimchukia. Hakuwahi kukosea, ndiyo maana.

Kiangazi kimoja walimpandisha Lyle ligi kuu. Wadakaji wa kule, watu wenye mishahara, mipira iliwapita katikati ya miguu kama kuku wanaotoroka banda. Basi meneja akafanya wanachofanya wakubwa siku zote. Waliokuwa hawawezi kudaka wakabaki, na aliyekuwa anarusha kisichodakika akapewa tiketi ya basi. Lyle akarudi kwetu, akaingia, akakaa mezani, akatoa mkono. Bernadine akautazama tu. "Huko ulikuwa unatafuna hizi kucha?" "Kidogo, shemeji." "Leta hapa."

Siku hizi hata hawawatafuti watu kama yeye. Wanatafuta vijana wa kurusha kwa kasi mpaka viwiko vinachanika. Nikiwauliza pale uwanjani habari za wale wazee wa kucha waliokuwa wanakaa benchi la nyuma na tupa mfukoni, wananitazama kana kwamba nimeulizia mafundi wa taa za mafuta.

Penye lango la uwanja wetu kuna Ukuta wa Heshima, matofali mekundu, kila tofali lina jina. Wapo wapigaji. Yupo mzee aliyekuwa anapiga kinanda. Yupo gavana mmoja aliyekuja mara moja akaondoka katikati ya mchezo. Na yupo Nugget. Nugget alikuwa mbwa. Kazi yake ilikuwa kukimbilia uwanjani kuokota magongo yaliyoangushwa na wapigaji, na watu wakampenda, wakampa tofali. Baada yake akaja mbwa mwingine, Biscuit, kazi ileile. Na ukuta sasa umefika mlango wa choo cha wanaume, hauwezi kwenda mbele. Limebaki tofali moja tupu. Lyle hayumo.

Siku zake za mwisho hospitalini, Bernadine alifungua macho akaniita.

"Emil."

"Niko hapa."

"Yule mbwa amezeeka."

Nilidhani ni dawa. "Mbwa gani, mama?"

"Biscuit. Anachechemea. Wakimstaafisha watampa lile tofali la mwisho. Hakikisha Lyle anatangulia."

"Nitahakikisha."

"Usiniitikie tu kama unavyoitikia habari za takataka."

"Nitahakikisha, Bernadine. Kweli tupu."

Akafumba macho, nikadhani amelala, kumbe bado. "Na usimwache atafune kucha."

Ndiyo maana mwezi Mei, theluji ilipokwisha na magoti yakakubali ngazi, nilikwenda ofisi ya klabu kumwona Trent Ackerly. Cheo chake ni Mkurugenzi wa Furaha ya Mashabiki. Wamemlipia chuo kikuu akasomee hilo.

"Mzee Emil! Karibu sana. Unajisikiaje?"

"Vibaya. Nimekuja kuhusu tofali."

"La Biscuit?"

"La Lyle."

"Lyle yupi?"

Nilimwambia. Akageukia kompyuta, akabonyeza, akakunja uso kama mtu anayenusa maziwa. "Mzee wangu, mbona kasi yake ilikuwa ndogo hivi? Mama yangu anaendesha gari kwa kasi zaidi ya hii."

"Basi mama yako naye wangemrudisha kwa basi."

"Sina ubaya naye. Lakini Biscuit ana wafuasi wengi mno mtandaoni. Watoto wanamlilia."

"Biscuit hajawahi kumtoa mpigaji hata mmoja."

"Na Lyle hajawahi kuokota gongo."

Mtu huyu kasoma.

Lakini Trent ana ugonjwa mmoja, kila kitu kwake lazima kiwe sherehe. Nikamwona macho yanamng'aa. Akasimama, akaanza kutembea ofisini akichora hewani kwa vidole. Jumamosi moja ya Julai wangefanya Siku ya Wazee wa Timu. Lyle angerusha mpira wa ufunguzi. Wangegawa visanamu vyake vya kutikisa kichwa langoni. Mpira ukiwa halali, yaani ukipita juu ya kibao kilicholazwa chini mbele ya mdakaji, katikati ya magoti na kifua cha mpigaji, uwanja mzima ungekula bure pirogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, na Lyle angepata tofali. Usipopita, tofali ni la Biscuit, na angeandikwa palepale, fundi akiwa tayari na patasi.

"Na nani ataamua?" nikauliza.

"Mashine yetu, mzee. Ina kamera kila kona. Mashine haina upendeleo."

Nikampa mkono. Mtu akikuambia kitu hakina upendeleo, shika mfuko wako; lakini mimi nilikuwa nimeahidi kando ya kitanda cha hospitali, nikampa mkono.

Lyle anaishi kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimkuta anamwagilia nyanya. Ana miaka sabini na nane, mrefu, ameinama kidogo kama mtu anayesikiliza mtoto.

"Mimi na mbwa?" akasema nilipomaliza.

"Wewe na mbwa."

"Yule mbwa ni mzuri, lakini."

"Lyle!"

"Nasema tu. Ana bidii." Akaweka ndoo chini. "Nani atadaka?"

"Mdakaji wao wa sasa."

"Maskini."

Nikamwambia atoe mkono nione. Akauficha nyuma kama mwanafunzi. Nilimlazimisha. Zile kucha zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye nyama, zote.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari," akasema, akitazama nyanya. "Alhamisi zinakuja, Emil, nami sina pa kwenda."

Nilimwambia tu kwamba Alhamisi ijayo saa kumi awe jikoni kwangu, asije na nyanya.

Kwa hiyo nilijifunza kazi ya kucha uzeeni. Tupa ya Bernadine ilikuwa bado kwenye droo ya vijiko. Mara ya kwanza nilimsugua Lyle mpaka akasali. Mara ya pili nilimwaga chupa ya rangi kwenye kitambaa cha meza, nacho mpaka leo kina kona isiyopinda. Bi Pavlik, aliye na zaidi ya miaka tisini sasa na bado yuko dirishani, alituona na akafunga pazia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lakini kucha ziliota. Mwisho wa Juni Lyle alisimama nyuma ya nyumba yangu akaurusha mpira kwenye godoro lililoegemezwa ukutani, na mpira ukaenda bila kuzunguka, ukafika karibu na godoro, ukaghairi, ukaingia kwenye maua ya jirani.

"Bado upo," nikamwambia.

"Upo," akasema, na akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Siku yenyewe ikafika. Tulikuwa kwenye pikapu yangu kwenye maegesho ya uwanja, nampaka Lyle rangi ya mwisho, mkono wake umelala juu ya goti langu, ndipo mlinzi mmoja wa kike akagonga kioo.

"Wazee, kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Mbona mmeshikana mikono?"

"Nampaka rangi."

Akainama akaangalia. "Rangi gani hiyo? Sioni."

"Isiyo na rangi," Lyle akasema.

Mlinzi alivuta pumzi kwa huruma. "Mzee, umepaka nene. Haitakauka hivyo mpaka Krismasi. Futa, paka nyembamba, subiri, paka tena nyembamba. Na wewe babu, puliza."

Lyle akapuliza. Mlinzi akasimama hapo mpaka alipohakikisha. Katika wafanyakazi wote wa klabu ile, ndiye pekee ningempa cheo.

Langoni nikapewa kisanamu. Kwanza, mkono wa kulia hauna vidole. Wameubandika mpira kwenye ngumi kama kitunguu. Kucha hamna. Nikafikiri, hata hivyo, tuvumilie, kichwa angalau kitatikisika. Nikakigusa. Hakikutikisika. Kiwandani walikosea kufunga springi ya shingoni, na kichwa cha Lyle kikaanza kuzunguka, mizunguko mirefu, laini, pande zote, kama feni. Mtu ambaye maisha yake yote alihangaika kitu kisizunguke! Uwanja mzima ulikuwa na vichwa vyake vinazunguka. Nilimtafuta Trent nimtupie cha kwangu, lakini Lyle alinishika mkono.

"Pua tumefanana," akasema.

Kisha Trent mwenyewe akatujia mbio, anatabasamu kama mtu mwenye habari mbaya. Mdakaji wao hatadaka. Wakubwa wa huko juu wamekataza, kijana anatazamiwa kupanda ligi kuu na kidole gumba chake kimekatiwa bima. Kidole! Mimi nimevunjwa vidole vinne kwa ajili ya klabu ile, na bima niliyopewa ilikuwa barafu kwenye kikombe cha karatasi.

"Kwa hiyo arushe kwa nani?" nikauliza. "Kwa Roho Mtakatifu?"

"Tulifikiri tuweke wavu."

Nilirudi kwenye pikapu. Ile glavu kubwa ilikuwa chini ya kiti. Sikuwa nimeileta kwa nia hiyo, niliileta kwa sababu tangu Februari naitembeza tu. Nikaingia nayo uwanjani, na wazee wachache waliobaki wanaoijua wakaanza kupiga miguu kwenye mbao za majukwaa. Nikachuchumaa. Magoti yalisema kitu ambacho siwezi kuandika hapa.

Mwamuzi, bwana mmoja mnene anayeitwa Harlan Beech, akainama nyuma yangu. "Emil, utaweza kusimama tena?"

"Hilo ni la baadaye."

"Mpigaji yuko wapi?"

Hapo ndipo Trent alipotuletea werevu wake. Kwa ajili ya picha, mpigaji angekuwa Bwana Ndoo. Bwana Ndoo ni yule wa kuchekesha watoto, kijana aliyevaa ndoo kubwa ya bati inayoanzia shingoni na kuishia kwenye viatu. Akaja anayumbayumba, akasimama kando ya kibao na gongo lake la sponji. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata mimi, nikiri, nilikuwa nashughulika na magoti yangu, sikufikiria ya mwingine.

Lyle akapanda tuta la mrushaji katikati ya uwanja. Spika zikataja jina lake, zikalitaja vibaya. Akaushika mpira, akaangalia kucha zake moja moja, akapuliza, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Biscuit alikuwa amekaa kwenye mstari, ulimi nje. Karibu na lango nilimwona fundi na patasi yake.

Akarusha.

Nawaambieni, haukuzunguka. Nilisoma mshono wake mwekundu njia nzima, kama maandishi ukutani. Ukaja taratibu, ukaja, ukapanda kidogo kama unataka kuona walioko nyuma, na mkono wangu ukaanza kuufuata. Kisha nikasikia kichwani, wazi kabisa, usiufukuze. Nikangoja. Mpira ukaghairi kushoto, ukaghairi kulia, ukadondoka kama mtu aliyekatiwa umeme, ukaingia ndani ya glavu pu! na mimi nikaenda nyuma, chali, miguu juu, glavu imekumbatiwa kifuani. Nikageuza macho kwenye kile kiti cha kwanza baada ya wavu. Nilikuwa nasubiri kusikia. Palikaa bwana mmoja mwenye kofia ya majani anakula karanga. Akaniambia, "Pole, babu."

Mpira ukanitoka, ukabingirika. Biscuit akauokota, akachechemea nao mpaka kwenye tuta, akauweka miguuni pa Lyle, akalala. Hakuwa amefundishwa hivyo. Lyle akainama akamkuna masikio. Picha hiyo ndiyo iliyotoka gazetini, na maelezo ya chini yalimtaja mbwa tu.

Watu wote wakageukia skrini kubwa. Mashine isiyo na upendeleo ilifikiri kwa muda mrefu, ikazungusha kile kiduara chake, kisha ikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KILICHORUSHWA. Na chini yake, kwa herufi ndogo: huenda ni ndege.

"Pirogi!" akapiga kelele mtu mmoja. "Pirogi! Pirogi!" wakaitikia majukwaa yote, na visanamu vikaanza kutua uwanjani, vichwa vinazunguka hewani.

Trent alikimbilia kwa Harlan, jasho linamtoka. "Mwamuzi, amua wewe basi! Umepita au haujapita?"

"Juu ya kibao umepita," Harlan akasema. "Hilo nimeliona kwa macho yangu. Swali ni kimo. Ulishuka chini mno mwishoni. Kama ulikuwa juu ya magoti ya mpigaji, halali. Kama ulikuwa chini, si halali."

"Haya, magoti yake..." Trent akageuka, na sote tukageuka, hata mimi niliye chini, kumtazama Bwana Ndoo. Bati tupu, kutoka shingoni hadi kwenye viatu.

"Magoti yangu yapo," ikasema sauti kutoka ndani.

"Yako wapi?" Harlan akauliza.

"Humu ndani."

"Ndani sikuoni. Yalikuwa kimo gani mpira ulipopita?"

Ndoo ikayumba kidogo. "Nilikuwa nimepiga magoti, bosi. Kuna joto sana humu."

"Kama alipiga magoti, basi magoti yalikuwa chini," nikapaza sauti kutoka mavumbini. "Chochote kilicho juu ya udongo kilikuwa juu ya magoti yake! Halali!"

"Lakini aliyepiga magoti ni kijana," Harlan akasema, akijikuna kidevu, mtu wa haki kupita kiasi. "Kijana si mpigaji. Jina lililotangazwa ni Bwana Ndoo. Mpigaji ni ndoo."

"Sasa ndoo ina magoti?" Trent akauliza, sauti imempasuka.

"Mimi usiniulize. Mimi sikuiweka pale."

Walininyanyua watu wanne. Lyle alikuwa tayari amefika, mpira mkononi, Biscuit nyuma yake. Nikamwuliza, "Wewe umeonaje? Umepita?"

"Mimi nilirusha tu, Emil," akasema. "Ya kujua ulikopita hayakuwa kazi yangu. Ilikuwa kazi ya shemeji."

Uongozi ulikaa kikao usiku uleule, wakakaa tena wiki iliyofuata, na naambiwa wamemwita mtaalamu kutoka Pittsburgh. Kuhusu pirogi walifikia suluhu inayofanana nao: kila mtu alipewa vitunguu vya kukaanga, vile vya kumwagia juu, bila pirogi chini yake. Kuhusu tofali, hawawezi kuliandika jina la Lyle kwa sababu hawajui kama alishinda, na hawawezi kuliandika la Biscuit kwa sababu hawajui kama alishindwa. Kwa hiyo Biscuit hastaafu. Kila jioni ya mchezo mbwa mzee yule anachechemea kuokota magongo, kwa uzembe wa watu wenye ofisi za kiyoyozi. Na Lyle kila Alhamisi yuko jikoni kwangu, mkono mezani, maana tumekubaliana kucha zisishuke, wasije wakamwambia arushe tena akiwa hana. Napaka nyembamba, nasubiri, napaka tena.

Kila Jumatatu asubuhi nakwenda pale ofisini. Sibishani nao habari za kasi, wala mtandao, wala mashine. Nilimuahidi Bernadine, na ahadi hiyo sasa imebaki na kizuizi kimoja tu. Kwa hiyo nasimama mbele ya meza ya Mkurugenzi wa Furaha, navua kofia, nauliza swali langu, naye anatazama dirishani mpaka niondoke. Nauliza tena hapa, labda yuko msomaji aliyesoma kuliko yeye: ndoo ikisimama wima, magoti yake yako wapi?